Kumsaidia Mtoto Mwenye Sindromu ya Down kwa Saa Chache: Somo kwa Anayetaka Kazi Hii



Katika wadi nyingi yuko mzazi anayetafuta mtu wa kukaa na mtoto wake kwa saa tatu au nne kwa siku. Mtoto huyo ana sindromu ya Down. Asubuhi yuko shuleni au katika kituo cha chekechea. Mchana anarudi nyumbani, na mzazi bado yuko sokoni, shambani au kazini. Katika wadi hiyo hiyo yuko kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwanafunzi wa chuo aliye likizoni, mama ambaye watoto wake wamekua, au mwalimu mstaafu. Angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kama angejua inavyofanywa.

Somo hili ni la watu hao wawili, anayetafuta kazi na anayetafuta msaidizi. Ukilimaliza utaweza:

- kueleza sindromu ya Down ni nini, na kukanusha uvumi unaoizunguka;
- kupanga saa zako na mtoto kwa namna inayomfundisha kujitegemea;
- kutambua hatari za mwili wake na la kufanya;
- kukubaliana na mzazi juu ya kazi na malipo bila kuacha jambo gizani.

1. Hali hii ni nini

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na ndani ya seli mna nyuzi ndogo zinazobeba maagizo ya mwili, ziitwazo kromosomu. Watu wengi wana kromosomu 46 katika kila seli. Mtu mwenye sindromu ya Down kwa kawaida ana 47, kwa sababu kromosomu ya 21 imejirudia mara tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka wa 1866, na ndiyo maana ina jina lake. Sababu yenyewe ilijulikana mwaka wa 1959, wakati Jérôme Lejeune na wenzake walipoeleza kule Ufaransa kuhusu hiyo kromosomu ya ziada. Siku ya Sindromu ya Down Duniani huadhimishwa tarehe 21 mwezi wa tatu, kukumbusha kromosomu ya 21 iliyo mara tatu.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, duniani huzaliwa mtoto mmoja mwenye hali hii katika kila watoto 1,000 hadi 1,100. Hutokea katika kila kabila, kila dini, kwa tajiri na kwa maskini.

Sindromu ya Down si laana. Haiambukizi. Haisababishwi na chakula alichokula mama, mwenendo wa baba, wala jicho la jirani. Ni kweli kwamba uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, lakini watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na akina mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa kwa wingi. Ukisikia mtu akimlaumu mama wa mtoto, sasa una jibu la kumpa.

2. Kwa nini kazi hii ni nzito kuliko inavyoonekana

Wengi hudhani kazi ni kumtazama mtoto asianguke na asilie mpaka mama arudi. Hiyo ni sehemu tu.

Nchini Marekani, mwaka wa 1960, mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi takriban miaka 10. Siku hizi, katika nchi zenye huduma nzuri za afya, wengi hufika miaka 60. Mabadiliko hayo yametokana hasa na upasuaji wa moyo na matibabu bora, na pia kuacha kuwafungia watoto hawa mbali na jamii. Maana yake kwetu ni hii: mtoto unayemlisha leo anaweza kuwa mtu mzima kwa miaka 40 au zaidi, na huenda mama yake akatangulia.

Kuna swali ambalo wazazi wengi hulala nalo: "Nikiondoka, nani atamwosha? Nani atamfunga viatu?" Msaidizi anayefanya kila kitu kwa niaba ya mtoto, hata kwa upendo mkubwa, hajibu swali hilo. Anaongeza uzito wake. Msaidizi anayemfundisha mtoto kuosha uso mwenyewe, hata kama inachukua miezi mitatu, ameanza kulijibu.

Kwa hiyo kipimo cha kazi yako ni kimoja: je, mtoto anaweza kufanya nini leo bila wewe, ambacho hakuweza ulipoanza? Kila kinachofuata katika somo hili kimejengwa juu ya swali hilo.

3. Jinsi mtoto huyu anavyojifunza

Watoto wenye sindromu ya Down hawafanani, kama vile watoto wengine wasivyofanana. Mmoja atazungumza sentensi nzima, mwingine atatumia maneno matano. Hata hivyo kuna mambo yanayoonekana kwa wengi.

*Anaelewa kuliko anavyosema.* Ulimi na misuli ya mdomo humpa taabu, kwa hiyo maneno huchelewa kutoka. Usiongee juu yake kana kwamba hayupo.

*Anashika vizuri zaidi anachokiona kuliko anachokisikia tu.* Agizo refu hupotea njiani. Ukisema, "Vua viatu, uweke sweta kitandani, kisha uje ule," atashika kipande kimoja. Sema jambo moja: "Vua viatu." Onyesha viatu kwa kidole. Likiisha, taja la pili.

*Anahitaji muda.* Ukishamuuliza, hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kurudia. Watu wazima wengi hungoja sekunde mbili, kisha wanajibu wenyewe. Mtoto hujifunza kwamba hana haja ya kujibu.

*Ishara za mikono humsaidia.* Kumfundisha ishara ya "maji", "choo", "nimeshiba" au "inauma" hakumzuii kuongea. Humpa njia ya kusema wakati maneno hayajaja, na humpunguzia hasira. Tumia ishara zile zile zinazotumika nyumbani na shuleni, na useme neno kila unapofanya ishara.

*Anapenda mpangilio.* Chora picha nne kwenye kadibodi: kuosha mikono, kula, kucheza, kuoga. Ibandike ukutani. Kila jambo likiisha, mwache ageuze picha. Atajua kinachofuata bila kugombezwa.

4. Saa tatu za mchana: mfano

Tuchukue mtoto wa miaka saba anayefika nyumbani saa nane mchana. Mama atarudi saa kumi na moja. Saa zako zinaweza kupangwa hivi.

*Saa nane kamili: makabidhiano.* Kabla mzazi hajaondoka, au kwa simu kama ameshaondoka, uliza mambo manne: amelala vipi, amekula nini, amepewa dawa gani, na kuna jambo gani geni leo. Mama akikuambia, "Leo ameshinda akishika sikio," hilo ni jambo kubwa. Liandike.

*Saa nane na robo: choo na mikono.* Usingoje aombe. Mpeleke kwa saa maalumu, kwa mfano kila baada ya saa moja na nusu, na kila baada ya kula. Mwache ashushe suruali mwenyewe, hata kama wewe unamalizia. Kama choo ni cha shimo na anakiogopa, simama karibu, mpe mkono, na usimharakishe.

*Saa nane na nusu: chakula.* Keti mbele yake, mwangaliane. Atumie kijiko au mkono wake mwenyewe. Akimwaga, mpe kitambaa afute. Usimlishe kwa sababu unaona uchafu. Meza hufutika.

*Saa tisa: funzo la siku.* Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Chagueni na mzazi jambo moja tu kwa wiki kadhaa. Tutaeleza namna ya kulifundisha katika sehemu inayofuata.

*Saa tisa na nusu: mchezo na watoto wengine.* Mtoto huyu anahitaji rafiki zaidi ya anavyohitaji mlinzi. Toka naye nje, mcheze mpira wa kurushiana, mbebe maji kidogo kwa kikombe kumwagilia sukuma wiki. Wenzake wakimuuliza, "Anti, huyu ana nini?" jibu kwa ufupi na kwa ukweli: "Yeye hujifunza polepole kidogo. Mrushie mpira, utaona anavyodaka."

*Saa kumi na nusu: kusafisha na kuandika.* Mtoto arudishe vitu mahali pake. Wewe andika katika daftari la siku, mistari mitatu au minne. Kwa mfano: "Amekula ugali na maharagwe, amemaliza. Choo mara mbili, mara moja ameomba mwenyewe. Amefunga kifungo cha chini mara tatu kati ya tano. Ameshika sikio la kulia mara nyingi." Daftari hilo ni mali ya familia. Siku ya kliniki, mzazi atakwenda nalo, na daktari atapata habari ambayo hangepata kwingine.

5. Kufundisha kitu kimoja: kifungo cha shati

Chukua kazi unayotaka kufundisha na uivunje vipande vidogo. Kufunga kifungo kuna vipande vitano: shika kifungo, shika upande wenye tundu, elekeza kifungo kwenye tundu, kisukume, kivute upande wa pili.

Sasa anza na kipande cha *mwisho*. Wewe fanya vile vinne vya kwanza, umwachie avute kifungo kitoke. Akivuta, kazi imekwisha, na yeye ndiye aliyeimaliza. Mshangilie pale pale: "Umefunga mwenyewe!" Baada ya siku kadhaa, akizoea, mwachie vipande viwili vya mwisho, kisha vitatu. Kuanza nyuma kuna faida: kila mara mtoto anaishia kwenye ushindi.

Msaada nao una ngazi, na kazi yako ni kushuka ngazi hizo:

1. mkono wako juu ya mkono wake;
2. unamgusa kiwiko tu;
3. unaonyesha kwa kidole;
4. unasema neno moja, "Vuta";
5. unangoja kimya.

Ngazi ya tano ndiyo ngumu kwa msaidizi. Utaona anahangaika na vidole vyako vitawasha kutaka kumfungia. Weka mikono mgongoni. Kama amekasirika kweli, rudi ngazi moja juu, mmalize vizuri, mpumzike. Kesho mtarudia.

Tumia shati kubwa lenye vifungo vikubwa kwanza, na livae mdoli au liwekwe mezani, kabla ya shati la shule. Vidole vyake vina misuli legevu, kwa hiyo kukanda unga wa chapati, kuambua maharagwe mabichi na kuanika nguo kwa vibanio ni mazoezi mazuri ya mikono.

6. Akikataa, akikaa chini, akikimbia

Mtoto anaweza kuketi katikati ya njia na kukataa kuinuka. Usimvute kwa mkono. Viungo vyake ni legevu kuliko vya watoto wengine na unaweza kumuumiza. Inama mpaka macho yenu yakutane, ongea kwa sauti ya chini, mpe uchaguzi wa mambo mawili ambayo yote yanakufaa: "Tutembee hadi dukani, au tuhesabu hatua kumi kwanza?" Kisha ngoja.

Jiulize pia sababu. Mara nyingi ukaidi ni ujumbe. Huenda amechoka, hajasikia, anaumwa, au amebadilishiwa mpango bila kuambiwa. Mtoto aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafla, fikiria ugonjwa kabla ya kufikiria utundu.

Wengine hutoka mbio bila kuangalia barabara. Lango lifungwe kwa komeo, na ukitembea naye wewe ukae upande wa magari na bodaboda. Kufunga lango mkiwa pamoja ni usalama. Kumfungia ndani peke yake ukaenda zako ni kumtelekeza.

Kumchapa hakuruhusiwi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinamlinda kila mtoto dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na ukatili wa kila namna. Na mtoto anayejifunza polepole hujifunza jambo moja haraka kutokana na kiboko: kukuogopa.

7. Mwili wake: mambo ya kuchunga

Huna haja ya kuwa muuguzi. Unahitaji kujua nini uulize na lini upige simu.

*Moyo.* Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, kama vile tundu katika ukuta wa moyo. Muulize mzazi kama mtoto amepimwa. Ukiona midomo inageuka kuwa ya samawati, anahema kwa shida, au anachoka kupita kawaida akicheza kidogo, simamisha mchezo na umjulishe mzazi mara moja. Hali ikiwa mbaya, nendeni hospitalini.

*Masikio na macho.* Maji nyuma ya ngoma ya sikio ni ya kawaida kwao, na humfanya mtoto asisikie vizuri. Kabla ya kusema hatii, hakikisha amesikia. Kama anaegemea sana karibu na kitabu, mweleze mzazi macho yapimwe.

*Tezi ya shingoni.* Tezi ya thairoidi hufanya kazi pungufu kwa baadhi yao. Uchovu usioisha, choo kigumu, ngozi kavu na kunenepa bila sababu ni habari za kuandika katika daftari.

*Shingo.* Mifupa ya juu ya shingo inaweza kuwa legevu. Usimrushe juu, usimwekee mzigo kichwani, na asipige pindu kabla daktari hajasema ni salama. Akianza kulalamika shingo inauma, akainamisha kichwa upande mmoja, akabadilika mwendo au akajikojolea na alikuwa ameacha, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

*Kukabwa na chakula.* Hii ndiyo hatari ya karibu zaidi katika saa zako. Misuli ya kutafuna ni dhaifu na watoto wengine humeza haraka. Mahindi ya githeri, njugu, nyama ngumu, soseji na zabibu ni hatari. Ponda, kata vipande vidogo, na mtoto ale ameketi wima. Asile akikimbia wala akilala.

Akikabwa na anaweza kukohoa, mwache akohoe na ukae naye. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, na ana zaidi ya mwaka mmoja: mwinamishe mbele, mpige kwa kisigino cha kiganja mara 5 kati ya mabega. Kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, kunja ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Endelea kwa zamu huku ukiita msaada kwa sauti. Akizimia, mlaze chini, mtu mwingine atafute gari, nawe uanze huduma ya kufufua kama umefunzwa. Kusoma hapa hakutoshi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Jifunze kabla ya kuanza kazi.

Dawa usimpe kwa kubahatisha. Mpe tu ile ambayo mzazi ameiandika, kwa kipimo na saa aliyoandika.

8. Heshima na ulinzi

Mtoto anayehitaji msaada wa kuoga na choo anaweza kudhulumiwa kirahisi, na asiweze kueleza. Kwa hiyo kubalianeni na mzazi nani anamwogesha, wapi, na kwa namna gani. Mwambie mtoto unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Mfundishe majina sahihi ya sehemu za mwili, na neno au ishara ya "sitaki". Mlango usifungwe kwa ufunguo.

Ukiona alama za kuumizwa, hofu ya ghafla kwa mtu fulani, au dalili yoyote ya unyanyasaji, usinyamaze kwa kuogopa kupoteza kibarua. Piga nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na hailipishwi, au ripoti kwa afisa wa watoto au kituo cha polisi.

Usiweke picha ya mtoto mtandaoni, hata akiwa amependeza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Na mambo ya nyumba hiyo yabaki katika nyumba hiyo.

9. Makubaliano ya kazi

Migogoro mingi huanza kwa mambo yaliyoachwa bila kusemwa. Siku ya kwanza, kaeni chini na mwandike:

- siku na saa za kazi, na nini kitatokea mzazi akichelewa;
- malipo ni kiasi gani, kwa saa, siku au mwezi, na yanalipwa lini;
- nauli na chakula;
- kazi zilizomo na zisizokuwemo. Kama ni ya mtoto, kufua nguo za nyumba nzima si sehemu yake, ila mkikubaliana na kulipana;
- siku za mapumziko, na taarifa mtu akiugua;
- watu wawili wa kupigiwa simu, na hospitali ya kwenda;
- notisi ya siku ngapi kabla ya kuacha au kuachishwa.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha umeandikwa. Sheria hiyo pia inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kulipana kwa M-Pesa kunaacha rekodi inayowalinda nyote wawili.

Mzazi ana haki ya kukuomba cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen, na majina ya watu wawili wanaokufahamu. Usione ni matusi. Ungekuwa wewe ungeomba. Anzeni na wiki mbili za majaribio, na katika siku za kwanza mzazi awepo nyumbani, mtoto akuzoee.

Mzazi naye akumbuke: msaidizi anayelipwa kwa wakati hudumu. Kwa mtoto anayechukua miezi kumzoea mtu, kubadilishiwa wasaidizi kila mwezi ni kurudishwa nyuma kila mwezi.

10. Mahali pa kupata usaidizi

*Tathmini ya elimu.* Vituo vya tathmini na raslimali za elimu, ambavyo walimu huviita EARC, vilianzishwa nchini mwaka wa 1984. Humpima mtoto na kushauri shule inayomfaa. Ukienda pamoja na mzazi utajifunza mengi.

*Usajili.* Mtoto hupimwa na kamati ya madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha mzazi humsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili ndio mlango wa huduma nyingine.

*Pesa za Inua Jamii.* Serikali ya Kitaifa hulipa Sh2,000 kwa mwezi kwa familia zilizoingizwa katika mpango huo zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Si kila mtoto huhitimu. Ulizeni kwa afisa wa ustawi wa jamii au kwa chifu.

*Chekechea na zahanati.* Chini ya Ratiba ya Nne ya Katiba, elimu ya chekechea, vituo vya kutunzia watoto, na zahanati na hospitali za kaunti ni majukumu ya serikali za kaunti. Mtoto mwenye sindromu ya Down ana nafasi katika kituo cha chekechea kama mtoto mwingine. Akikataliwa, mzazi apeleke jambo hilo katika afisi ya msimamizi wa wadi.

*Mafunzo.* Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, ilianzishwa mwaka wa 1986 na hutoa mafunzo ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalum. Kwa kijana anayeipenda kazi hii, saa tatu za mchana zinaweza kuwa mwanzo wa taaluma.

Maswali ya kujipima

1. Jirani anasema mtoto ana hali hii kwa sababu mama alikiuka mwiko. Utamjibuje kwa sentensi mbili?
2. Mtoto amechukua dakika nane kuvaa soksi moja na mama anakaribia kufika. Utafanya nini, na kwa nini?
3. Mtoto aliyekuwa ameacha kujikojolea ameanza tena wiki hii, na anatembea akiyumba. Ni jambo la kungoja kliniki ya mwezi ujao?
4. Mzazi anataka uanze kesho na mengine "tutaona baadaye". Taja mambo matatu ya kuandika kabla ya kesho.

Jadili majibu na mtu mwingine. Katika swali la pili, kumbuka kipimo tulichokitaja: anachoweza kufanya bila wewe. Mama akikuta soksi moja imevaliwa na mtoto mwenyewe, na ya pili bado iko mkononi mwake, saa zako za leo zimelipa.